Zumari ya kiwiko: mitindo na watu wa ala ya Ireland iliyokaribia kunyamaza

Kila tunapopiga muziki wa Ireland katika kipindi chetu cha jioni, swali linalofuata ni lile lile: hiyo ni filimbi, ni kinanda, au kuna mtu analia? Hiyo ni zumari ya mfuko. Lakini siyo ile ambayo wengi wetu tumeiona kwenye televisheni, ya wanajeshi wa Scotland wenye sketi za mirabaraba wakiandamana na ngoma. Hii ni ndugu yake wa Ireland, mpole wa sauti na mgumu wa kupiga kuliko ala nyingi tunazozifahamu.

Kama uliwahi kutazama filamu ya Titanic ya mwaka 1997, umeisikia. Na kama ulitazama Braveheart ya mwaka 1995, umeisikia pia, ingawa hadithi ile ni ya Scotland: sehemu kubwa ya zumari unazozisikia mle ni za Kiayalandi, kwa kuwa ndizo zinazokubali kupigwa polepole na kwa huzuni pamoja na okestra. Katika makala hii tunaeleza zumari hii inafanyaje kazi, kwa nini wapigaji wake wamegawanyika katika mitindo inayobishaniwa hadi leo, na ni nani walioishikilia ilipokuwa inapotea.

Upepo wa viwiko

Jina lake kwa Kiayalandi ni uilleann, linalotamkwa karibu na "ilin", na maana yake ni kiwiko. Kwa hiyo tutaiita zumari ya kiwiko. Jina hilo lilienea mwanzoni mwa karne ya 20; kabla ya hapo ilijulikana zaidi kama union. Ala yenyewe ilianza kuchukua umbo lake la sasa katika karne ya 18.

Mpigaji huketi. Chini ya mkono wa kulia hufungiwa mvukuto mdogo, wa ukoo mmoja na ule wa mhunzi, na chini ya mkono wa kushoto hukaa mfuko wa ngozi. Kiwiko cha kulia kinavukuta, cha kushoto kinabana. Mdomo hauna kazi yoyote. Mpigaji anaweza kuzungumza na jirani yake, hata kuimba, huku muziki unaendelea. Hilo linaonekana kama jambo dogo la kuchekesha, lakini lina matokeo makubwa: upepo wa mvukuto ni mkavu, tofauti na pumzi ya mtu yenye unyevu, na upepo mkavu unaruhusu ndimi za tete zilizochongwa nyembamba sana, zinazotoa sauti laini.

Bomba la sauti, lile lenye matundu ambayo vidole huyacheza, husimamishwa juu ya paja la mpigaji. Akibana mfuko kwa nguvu kidogo zaidi, sauti inaruka juu oktava nzima, hivyo bomba hilo lina oktava mbili kamili. Zumari ya Scotland ina noti tisa tu. Juu ya mapaja hulala mabomba matatu ya mvumo, ambayo hushikilia noti moja bila kubadilika, nene, ya kati na nyembamba. Kisha yapo mabomba mengine matatu yenye vibonye vya chuma. Hayo hunyamaza mpaka mpigaji ayaguse kwa ukingo wa kiganja cha kulia, wakati vidole vya mkono huo huo bado vinacheza wimbo. Yakiguswa hutoa noti mbili au tatu kwa pamoja, kama kinanda kinachoitikia. Zumari kamili kwa hiyo ina ndimi saba, na kila moja ina tabia yake. Wanaojifunza hawaanzi na ndimi zote saba: huanza na mfuko, mvukuto na bomba la sauti peke yake, baadaye huongeza mvumo, na wengi hukaa miaka kabla ya kufikia vibonye. Wapigaji wana msemo wa zamani kwamba inachukua miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga.

Kubana na kuachia

Hapa ndipo mitindo inapoanzia, na chanzo chake ni lile paja.

Zumari nyingi za mfuko haziwezi kunyamaza. Upepo ukishaingia, bomba linalia mpaka upepo uishe, na mpigaji anatenganisha noti moja na nyingine kwa kuchomeka noti ndogo za haraka katikati. Zumari ya kiwiko inaweza kunyamaza. Mpigaji akifunga matundu yote na kukandamiza ncha ya bomba kwenye kipande cha ngozi kilichofungwa juu ya paja, upepo hauna pa kutokea. Kimya. Akiinua kidole kimoja, noti moja inaruka peke yake, kavu na fupi kama tone la maji juu ya bati.

Basi yule anayerudi kwenye kimya baada ya kila noti anapiga kwa mtindo wa kubana. Noti zake zimeachana na kila moja ina mwanzo na mwisho wake. Yule anayeinua bomba kutoka kwenye paja na kuziacha noti zitiririke moja ndani ya nyingine anapiga kwa mtindo wa kuachia. Ukisikiliza kwa mara ya kwanza, wa kubana utakufikirisha mtu anayetafuna maneno kwa makini, na wa kuachia utakufikirisha mtu anayesimulia bila kuvuta pumzi.

Mfano mashuhuri wa mtindo wa kubana ni Patsy Touhey. Alizaliwa mwaka 1865 karibu na Loughrea, magharibi mwa Ireland, akapelekwa Marekani akiwa mtoto, na huko akawa mwanamuziki wa majukwaa ya vichekesho na burudani za mjini. Touhey alikuwa mjanja wa biashara pia. Alinunua mashine ya kurekodi kwenye mitungi ya nta, akawa anarekodi nyumbani kwa oda na kuwauzia wateja. Mitungi kadhaa imesalia, na ndiyo sababu leo tunaweza kusikia vidole vya mtu aliyefariki mwaka 1923. Marekani ilimpa pia ala yenye nguvu zaidi: ndugu wawili wa familia ya Taylor, waliohamia Philadelphia kutoka Drogheda, walipanua tundu la ndani la bomba ili sauti ijaze ukumbi. Zumari za kale zilikuwa za sauti ya chini na tamu, za kupigwa sebuleni. Wapo wapigaji hadi leo wanaozipenda hizo za kale kuliko hizi za ukumbini, na tukiulizwa sisi, kwa nyimbo za taratibu tuko upande wao.

Kuna pambo moja ambalo ni la zumari hii hasa, nalo huitwa cran. Katika noti ya chini kabisa matundu yote yamefungwa, kwa hiyo hakuna kidole cha chini cha kugongesha ili kuipamba. Mpigaji badala yake huinua vidole tofauti vya juu, mmoja baada ya mwingine, haraka mno, na noti ile nzito inatetemeka na kububujika bila kuondoka mahali pake. Ukisikia mbubujiko huo chini kabisa ya wimbo, ujue hiyo ni zumari ya kiwiko, hata kama fidla na akodiani zimejaa juu yake.

Johnny Doran na mkokoteni wake

Mtindo wa kuachia umefungamana na jina la mtu mmoja na jamii moja. Jamii hiyo ni Wasafiri wa Ireland, watu wenye asili ya Ireland walioishi kwa vizazi vingi kwa kuhamahama, wakitengeneza vyombo vya bati, wakifanya biashara ya farasi na kupiga muziki. Wamebaguliwa kwa muda mrefu nchini mwao wenyewe. Serikali ya Ireland iliwatambua rasmi kama kabila mnamo Machi 2017.

Johnny Doran alizaliwa karibu mwaka 1907 katika kaunti ya Wicklow, katika ukoo wa wapiga zumari uliotokana na John Cash, mpigaji aliyesifika katika karne ya 19. Kila mwaka Doran alifunga farasi kwenye mkokoteni wenye paa, nyumba yake na ya familia yake, akaelekea magharibi. Alipiga kwenye minada ya ng'ombe, mashindano ya farasi na mechi za hurling, mchezo wa taifa wa magongo. Katika mahali kama hapo hakuna anayekusikiliza kwa heshima. Lazima sauti yako imshike mtu mkono akiwa anapita. Doran alipiga haraka, noti zikimiminika, mvumo ukiwa wazi, na vibonye vikigongwa kama ngoma. Vijana wa kaunti ya Clare walimfuata kutoka mnada hadi mnada. Mmoja wao aliitwa Willie Clancy, wa mji wa Miltown Malbay, aliyemsikia Doran katikati ya miaka ya 1930 na kuamua kwamba hicho ndicho angekifanya maishani.

Mwaka 1947 rafiki wa Doran, mpiga fidla John Kelly, alihangaika kuhakikisha kwamba mtu huyu anarekodiwa. Doran akaenda Dublin katika Tume ya Mila na Simulizi ya Ireland, na Kevin Danaher akamrekodi kwenye santuri za asetati. Ni vipande vichache tu, vinavyoisha kabla hujamaliza kikombe cha chai. Miezi michache baadaye, Januari 1948, ukuta uliangukia mkokoteni wake mjini Dublin na kumvunja uti wa mgongo. Alifariki Januari 1950. Rekodi zile za siku moja ndizo zote tulizo nazo za sauti yake, na kila mpiga zumari wa leo anayesema anapiga kwa mtindo wa kuachia amejifunza kutokana nazo, moja kwa moja au kupitia kwa mwingine.

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunaisoma habari hii kwa namna yetu. Tunajua ni mara ngapi tumemwambia mzee fulani "tutakuja kukurekodi mwezi ujao".

Hapa inabidi tuonye juu ya kosa ambalo hata waandishi wazuri hulifanya. Wapo waliogawanya mitindo hii kwa hadhi: kubana ni kwa waungwana wa mjini waliofundishwa, kuachia ni kwa watu wa mikokoteni wanaopiga kwa hisia tu. Sikiliza Doran tena. Vibonye vyake vinafuata wimbo kwa mpangilio ambao wapigaji wengi wa mjini hawakuufikia, na katikati ya mbubujiko wake anaingiza ghafla noti kavu zilizobanwa kabisa, kisha anaachia tena. Alijua yote mawili, akachagua. Wapigaji wakubwa wengi wako hivyo. Clancy mwenyewe alimpenda Doran, akasoma kwa mwalimu wa Dublin, akasikiliza rekodi za Touhey, na mwisho akapiga kama Clancy.

Karne ya kupungua

Kwa nini ala hii ilikaribia kufa? Sababu ya kwanza ni njaa kuu iliyoanza mwaka 1845, wakati viazi vilipooza mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine wengi kiasi hicho wakahama. Mpiga zumari aliishi kwa ngoma za kijijini, na vijiji vilikuwa vimebaki wazi. Sababu nyingine zilikuja baadaye: mapadre wengi waliopinga dansi za njia panda, sheria ya mwaka 1935 iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na kibali na hivyo kuzibana dansi za majumbani, na akodiani, iliyokuwa nafuu, yenye sauti kubwa, na isiyohitaji miaka 21.

Wakati huo huo mtu aliyeandika sana juu ya wapigaji alikuwa mbali, Chicago. Francis O'Neill, mhamiaji kutoka kaunti ya Cork, alikuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo kati ya mwaka 1901 na 1905, na kazi yake ya pili ilikuwa kukusanya nyimbo. Kitabu chake cha mwaka 1903 kina nyimbo 1,850. Kingine cha mwaka 1913 kina wasifu wa wanamuziki, wengi wao wapiga zumari ambao majina yao yangekuwa yamesahaulika.

Nyumbani, vilabu vya wapiga zumari vilianzishwa Cork mwaka 1898 na Dublin mwaka 1900. Katika kile cha Cork alikuwepo May McCarthy, mmoja wa wanawake wachache waliopiga hadharani wakati huo. Na huko Dublin ulikuwepo ukoo wa Rowsome. Leo Rowsome, aliyezaliwa mwaka 1903, alitengeneza zumari kama baba yake na babu yake, akazipiga redioni, na kufundisha kwa takriban nusu karne. Alikuwa yule mwalimu wa Dublin tuliyemtaja, aliyemfundisha Clancy. Alimfundisha pia Paddy Moloney, mwanzilishi wa kundi la The Chieftains, na Liam O'Flynn wa kundi la Planxty. Ukimtoa mtu huyu katika historia, sehemu kubwa ya muziki wa Ireland ambao dunia inaujua inaanguka pamoja naye.

Nguzo nyingine ilikuwa Séamus Ennis. Huyu tunamwona kama mwenzetu. Kuanzia mwaka 1942 alizunguka Ireland kwa baiskeli akiwa mkusanyaji wa Tume ya Mila, kalamu na karatasi za noti mfukoni; kwa mtu mmoja tu wa Connemara aliandika nyimbo zaidi ya 200. Mwaka 1947 akahamia Redio Éireann, kisha BBC, ambako alishiriki kuongoza kipindi cha As I Roved Out, kilichowapa nafasi waimbaji na wapigaji wa vijijini kusikika kwa sauti zao wenyewe. Zumari yake ina hadithi yake. Baba yake aliinunua mwaka 1908 katika duka la rehani jijini London, ikiwa vipande vipande ndani ya gunia. Ilikuwa kazi ya Coyne, fundi wa Dublin wa karne ya 19. Ennis alipofariki mwaka 1982 alimwachia Liam O'Flynn zumari hiyo.

Mwaka 1968 wapigaji walipokutana Bettystown, kaunti ya Meath, na kuunda chama chao, Na Píobairí Uilleann, yaani Wapiga Zumari ya Kiwiko, inakadiriwa kwamba walikuwa hawafiki 100 waliosalia. Wengi wao walikuwa wazee. Mafundi wa kutengeneza ala walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Breandán Breathnach, mtumishi wa serikali na mkusanyaji wa nyimbo, na hoja yake ilikuwa ya vitendo: bila fundi hakuna ala, bila ala hakuna mwanafunzi, bila rekodi hakuna mwalimu kwa atakayekuja baadaye.

Wanavyoishi leo

Chama hicho sasa kina makao yake Henrietta Street, Dublin. Kinakopesha ala kwa wanaoanza, maana zumari kamili ni ghali na oda kwa fundi mzuri husubiriwa kwa miaka. Kinafundisha mafundi wapya. Na kinahifadhi rekodi. Wapigaji sasa ni maelfu, na wako Uingereza, Ujerumani, Marekani hata Japani. Hukutana katika mikusanyiko ya siku mbili tatu inayoitwa tionól, neno la Kiayalandi lenye maana ya mkutano tu. Asubuhi ni masomo, usiku ni kupiga pamoja. Saa nyingi za mchana, tukisema ukweli, huishia kwenye mazungumzo juu ya ndimi za tete.

Usilidharau jambo hilo. Ulimi wa bomba la sauti huchongwa kwa mkono kutoka kwenye tete, vipande viwili vyembamba vilivyofungwa pamoja kwa uzi. Hewa ikiwa na unyevu unafunguka, ikiwa kavu unajifunga, na mpigaji aliyefurahi jana mjini Galway anaweza kufika Boston wakati wa baridi, nyumba zikiwa zimewashwa vipasha joto, akakuta ala yake haitoi sauti. Anayejua kuchonga ulimi hukaribishwa kila nyumba.

Willie Clancy alifariki Januari 1973, akiwa na miaka 54. Majira ya joto ya mwaka huo marafiki zake walianzisha wiki ya masomo yenye jina lake katika mji wake, na tangu wakati huo kila Julai Miltown Malbay hufurika. Madarasa hufanyika shuleni na hata katika nyumba za watu. Desemba 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari ya kiwiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Na zumari yetu?

Msikilizaji wa pwani atauliza, na ana haki. Zumari ya ngoma zetu ina ulimi wa tete vile vile, lakini haina mfuko. Mpigaji wetu huvuta pumzi kwa pua huku akisukuma hewa iliyojaa mashavuni, ili sauti isikatike. Mashavu yake ndiyo mfuko. Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, mfuko upo: katika Oman, Bahrain, Kuwait na Falme za Kiarabu hupigwa habban, zumari ya ngozi ya mbuzi inayopulizwa kwa mdomo na kuchezwa pamoja na ngoma. Oman ina pia vikosi vya zumari za Kiskoti katika bendi zake za kijeshi, hata vya wapigaji wanaopanda ngamia.

Kama unataka kuanza kusikiliza, usianze na Doran, utachanganyikiwa. Anza na Liam O'Flynn katika albamu za Planxty za miaka ya 1970, ambamo zumari iko wazi kabisa pamoja na gitaa na sauti ya mtu. Kisha Leo Rowsome, ambaye santuri yake ya mwaka 1959 ilikuwa ya kwanza kutolewa na kampuni ya Claddagh, usikie vibonye vinavyoitikia. Kisha Séamus Ennis kwa nyimbo za taratibu. Halafu Paddy Keenan, mtoto wa familia ya Wasafiri aliyepiga na The Bothy Band, kwa mtindo wa kuachia ukiwa umerekodiwa vizuri. Baada ya hapo zima taa, vaa spika za masikioni, na utafute zile santuri za mwaka 1947. Zina mikwaruzo. Ongeza sauti hivyo hivyo.